Kimya cha Silaha na Kimya cha Wanasayansi

Somo la sauti katika fizikia ya shule za sekondari hufundishwa mara nyingi kwa mifano ya ngoma, filimbi na uzi wa zeze. Mifano hiyo ni mizuri na yafaa iendelee. Hata hivyo, iko historia moja ya sauti ambayo kwa kawaida haifikishwi darasani, ingawa ndani yake yamo mengi yanayompasa mwanafunzi wa sayansi kuyajua. Hiyo ni historia ya wataalamu waliopewa kazi ya kuiondoa sauti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kati ya 1939 na 1945, wanafizikia, wanakemia na wahandisi wa Uingereza na Marekani waliwekwa katika maabara za siri, wakaagizwa watengeneze silaha zisizosikika. Silaha hizo zilikusudiwa wapelelezi na wapiganaji waliopenyezwa ndani ya nchi zilizotekwa na adui.

Historia hiyo ina mafundisho mawili. La kwanza ni la fizikia: kanuni za maumbile hazitii amri ya jeshi lolote. La pili ni la wajibu: silaha ikinyamazishwa, watu nao hunyamazishwa, na kimya hicho cha pili hudumu kuliko vita vilivyokizaa. Mafundisho haya hayapasi kutenganishwa. Mwalimu anayefundisha la kwanza bila la pili atakuwa amefundisha nusu tu ya sayansi.

Mshindo hutoka wapi

Bunduki inapofyatuliwa, sauti hutoka mahali patatu. Kwanza ni mdomo wa mtutu. Baruti inapowaka hugeuka ghafula kuwa hewa yenye joto kali na mgandamizo mkubwa, nayo hewa hiyo inapotoka nje kwa mara moja hulisukuma anga na kuzaa wimbi la mshindo. Pili ni risasi yenyewe. Kasi ya sauti hewani ni yapata mita 343 kwa sekunde katika joto la digrii 20, na mchana wa pwani yetu, joto linapofika digrii 30, huwa yapata mita 349. Risasi inayokwenda kasi kuliko hapo hupasua hewa na kuacha nyuma yake mlio mkali kama wa mjeledi. Tatu ni chuma kinachogonga chuma, pale komeo linaporudi nyuma na ganda la risasi kutupwa nje.

Kizuia sauti huweza kuupunguza mshindo wa kwanza tu. Huipa hewa ya moto nafasi ya kutanuka na kupoa polepole kabla ya kutoka, kama vile kifaa kilichofungwa katika bomba la moshi la gari kinavyofanya. Mlio wa pili hakiuwezi hata kidogo, kwa kuwa huo huzaliwa njiani, mbali na mtutu. Kwa hiyo mtu atakaye kimya hana budi kutumia risasi iendayo polepole kuliko sauti, na hapo ndipo maumbile yanapodai malipo.

Wanafunzi wanaweza kuyapiga mahesabu hayo wenyewe. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Risasi ya bunduki ya jeshi la Uingereza ya wakati ule ilikuwa na tungamo la gramu 11 hivi, na kasi ya mita 740 hivi kwa sekunde. Nishati yake ilikuwa karibu jouli 3,000. Risasi ya bastola ya inchi 0.45 ilikuwa nzito zaidi, gramu 15 hivi, lakini kasi yake ilikuwa mita 260 tu kwa sekunde, na nishati yake jouli 500 hivi. Basi aliyeutaka ukimya alilazimika kutoa sadaka sehemu tano katika kila sita za nishati, na pamoja nayo masafa na shabaha.

Tena, neno lenyewe "kimya" lilikuwa la kupamba tu. Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli, na kila desibeli 10 zinapopungua, nguvu ya wimbi hupungua mara kumi. Mshindo wa bunduki hufika yapata desibeli 160. Kizuia sauti kizuri kikiondoa desibeli 30, nguvu ya wimbi imepungua mara elfu, na hilo ni jambo kubwa. Lakini zinabaki desibeli 130, na mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hayazidi 60 hivi. Hicho si kimya bali ni kelele iliyopunguzwa.

Baba na mwana

Kabla ya kufika katika vita vyenyewe, inafaa kukumbuka kwamba kizuia sauti kilitokana na jina linalojulikana vizuri katika historia ya Afrika Mashariki. Hiram Stevens Maxim ndiye aliyebuni mwaka 1884 bunduki ya kwanza iliyojijaza na kujifyatua yenyewe kwa nguvu ya mateke yake. Silaha za aina hiyo watu wa pwani waliziita bombomu. Kapteni Lugard alifika Buganda mwishoni mwa 1890 akiwa nayo moja. Pale Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji waliangushwa kwa wingi na bunduki za rasharasha za Wajerumani.

Mwanawe, Hiram Percy Maxim wa Marekani, ndiye aliyepata mwaka 1909 hati ya uvumbuzi wa kizuia sauti cha bunduki. Baba aliongeza mshindo, na mwana akaupunguza. Baadaye kampuni ya mwana iligeukia vizuia sauti vya injini na mitambo, na leo watu wengi hunufaika na elimu hiyo kila wanapopanda basi, ingawa hawamjui aliyeianzisha. Kanuni moja, basi, ilizaa kifaa cha vita na kifaa cha amani. Chuma hakina kosa. Uamuzi ulikuwa wa watu, nao ulifanywa hadharani: hati ya uvumbuzi ilichapishwa, na mwaka 1934 serikali ya Marekani ikatunga sheria ya kuvitoza kodi kubwa vizuia sauti vya bunduki. Jambo lililo wazi laweza kujadiliwa na kutungiwa sheria.

Maabara za siri

Mambo yaligeuka vita vilipoanza. Mwezi wa Julai 1940 Uingereza iliunda shirika la vitendo vya siri lililojulikana kwa herufi SOE. Wataalamu wake walipewa nyumba kubwa iitwayo The Frythe karibu na mji wa Welwyn, na vifaa vingi vilivyobuniwa hapo vilipewa majina yenye mwanzo wa jina la mji huo. Pikipiki ndogo ya kukunjwa iliitwa Welbike, nyambizi ya mtu mmoja ikaitwa Welman, na bastola ya kimya ikaitwa Welrod.

Welrod ilifanana na kipande cha bomba. Chemba yake ya risasi ndiyo iliyokuwa mpini, na ikiondolewa hakuna aliyeweza kutambua kwa urahisi kwamba ni silaha. Haikuandikwa jina la mtengenezaji. Haikujijaza yenyewe: kila risasi ilihitaji komeo livutwe kwa mkono, maana bastola ijijazayo ingezaa ule mlio wa tatu, wa chuma kugonga chuma. Ndani yake mlikuwa na visahani vya mpira vilivyoshika hewa ya baruti, lakini vilitobolewa na risasi zenyewe na kuchakaa upesi, na bastola ikaanza kusikika tena. Inakadiriwa kwamba zilitengenezwa zipatazo 2,800.

Mwingereza mwingine, William de Lisle, alichukua mwili wa bunduki ya kawaida ya jeshi na kuufunga kasiba ya kufyatulia risasi nzito ya bastola ya inchi 0.45. Hesabu iliyoonyeshwa hapo juu ndiyo aliyoifuata. Bunduki yake husifiwa hadi leo kuwa miongoni mwa zilizokuwa tulivu kabisa, lakini zilizotengenezwa hazikufika mia mbili.

Nchini Marekani, shirika la OSS liliundwa mwaka 1942 chini ya William Donovan, na mwaka huohuo mkemia Stanley Lovell akapewa uongozi wa idara yake ya uchunguzi na uvumbuzi. Silaha yao iliyofaulu zaidi ilikuwa bastola ndogo ya inchi 0.22, yenye kizuia sauti kilichobuniwa katika maabara za kampuni ya simu ya Bell. Lovell alisimulia katika kitabu chake cha 1963 kwamba Donovan aliipeleka bastola hiyo ofisini kwa Rais Roosevelt, akaifyatulia mfuko wa mchanga wakati Rais akisomesha barua zake, na Rais asitambue mpaka alipoonyeshwa. Kisa hicho kimezoeleka kuelezwa kwa kicheko. Yafaa pia kitazamwe kwa makini: silaha iliweza kufyatuliwa ndani ya chumba cha mkuu wa nchi bila yeye kujua. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba kisa hicho kilikuwa pia mfano wa hatari kubwa zaidi.

Upinde wa maabara na upinde wa porini

OSS ilijaribu pia kuachana na baruti kabisa. Ilitengeneza pinde zilizolazwa juu ya gogo mfano wa bunduki, mojawapo ikiitwa Big Joe, ambazo zilivutwa kwa mafungu ya mipira. Kwa fikira za haraka jambo hilo lilionekana la busara: pasipo baruti hapana mshindo. Lakini pinde hizo hazikupata nafasi ya maana katika vita, na si vigumu kuona udhaifu wa silaha za aina hiyo.

Mshale wa gramu 30 ukienda mita 50 kwa sekunde huwa na nishati isiyofika jouli 40. Ukitupwa umbali wa mita 50 utachukua sekunde nzima kufika, na sauti ya upote au ya mipira itakuwa imefika kwa muda wa chini ya sehemu mbili za kumi za sekunde. Anayelengwa, kwa hiyo, hupata onyo kabla ya kupigwa. Tena mpira haurudishi nishati yote iliyotiwa ndani yake, bali sehemu yake hugeuka joto, na wenyewe hukauka na kupasuka kwa jua na umri.

Mambo hayo wawindaji wa Afrika Mashariki waliyajua kwa vitendo. Mwindaji wa Kihadza kando ya Ziwa Eyasi hunyata mpaka awe karibu sana na mnyama, kwa sababu anajua kwamba mlio wa upote humtangulia mshale. Na kwa kuwa nishati ya mshale ni ndogo, watu wengi wa nchi hizi walitegemea sumu. Wakamba na Waata wa Kenya walichemsha mti wa msunguti wakapata utomvu mweusi wenye uwezo wa kumwangusha hata tembo. Wataalamu wa maabara walikuwa wakilitafuta upya jibu ambalo wawindaji walikuwa nalo siku nyingi.

Vita viliisha, vifaa vikabaki

Silaha hizi ziliruhusiwa kwa hoja moja: adui alikuwa dola ya Kinazi, na vita vilikuwa vya kufa na kupona. Lakini vita viliisha mwaka 1945, na hoja ikaisha pamoja navyo. Vifaa havikuisha. Bunduki ya de Lisle ilionekana tena Malaya, katika vita vya Waingereza dhidi ya wapiganaji wa msituni wa koloni hilo. Ndege ya ujasusi ya Marekani ilipoangushwa katika anga ya Urusi ya Kisovyeti tarehe 1 Mei 1960, rubani wake, Francis Gary Powers, alikutwa na bastola ileile ya inchi 0.22 yenye kizuia sauti.

Zaidi ya vifaa, ilibaki tabia. Shirika la CIA lilirithi mazoea ya OSS, na mwanakemia wake Sidney Gottlieb aliendeleza kazi ya sumu na silaha za siri. Mwezi wa Septemba 1960 Gottlieb alisafiri hadi Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, akiwa amebeba sumu iliyokusudiwa kumuua Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo. Mambo haya yalielezwa katika taarifa ya kamati ya Baraza la Seneti la Marekani iliyoongozwa na Seneta Frank Church, iliyochapishwa Novemba 1975. Sumu hiyo haikutumika. Lumumba aliuawa kwa risasi huko Katanga tarehe 17 Januari 1961, mbele ya maofisa wa Kibelgiji, na mwaka 2001 tume ya Bunge la Ubelgiji ilitamka kwamba baadhi ya viongozi wa nchi hiyo walikuwa na dhamana ya kimaadili. Lakini haiwezi kusahauliwa kwamba mtu mwenye elimu ya juu ya kemia alibeba matunda ya elimu yake, akavuka bahari, akaja Afrika kumuua kiongozi aliyechaguliwa, na kwamba dunia haikujua mpaka ilipopita miaka kumi na mitano.

Katika kikao cha kamati hiyo cha tarehe 16 Septemba 1975, Seneta Church aliinua mbele ya wapiga picha bastola ya umeme iliyorusha kijishale chenye sumu hadi mita 100 hivi, karibu bila sauti yoyote. Mkuu wa CIA, William Colby, alikiri kwamba shirika lake lilihifadhi gramu 11 hivi za sumu ya chaza, ingawa Rais Nixon alikuwa ameamuru sumu za namna hiyo ziteketezwe. Rais aliamuru, maabara haikutii, na Rais hakujua. Kwa hiyo kisa cha Roosevelt na mfuko wa mchanga kilikuwa kimejirudia bila kicheko. Isitoshe, mwaka 1973 kumbukumbu nyingi za kazi za Gottlieb ziliharibiwa kwa makusudi, hata wachunguzi wakabaki na vipande tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hoja ya upande wa pili

Haki yadai isemwe kwamba watu waliobuni silaha hizi hawakuwa wote wakatili. Lovell mwenyewe alieleza kuwa alisita kabla ya kukubali kazi. Mpiganaji wa Ufaransa au wa Norwei aliyelala katika nchi iliyotekwa hakuwa na jeshi wala mahakama ya kumtetea, na silaha tulivu ilikuwa tofauti ya uhai na kifo chake. Yuko pia atakayesema kwamba mwanasayansi hutoa elimu tu, na matumizi ni juu ya serikali.

Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ina uzito, na si haki kuwahukumu watu wa 1942 kwa utulivu wa leo. Sehemu ya pili haikubaliki. Mtu aliyepima muda wa kufa kwa sumu aliyoitengeneza hawezi kudai kwamba hakujua itatumiwa kwa nini. Wala serikali haiwezi kubeba wajibu wa jambo ambalo, kama ilivyothibitika 1975, maabara imelificha hata kwa serikali yenyewe. Kilichokosekana ni kikomo. Hapakuwa na siku iliyotajwa kuwa mwisho wa kazi, wala mkaguzi kutoka nje, wala daftari lisiloruhusiwa kuchomwa.

Msunguti na chaza

Njia nyingine ipo, nayo imeonyeshwa na sumu zilezile. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alitenga kutoka katika jamii ya msunguti kemikali inayoitwa uabaini. Matokeo yalichapishwa na kujaribiwa na wengi. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Denmark alieleza habari za kimeng'enya kinachosukuma chumvi za sodiamu na potasiamu kupitia ukuta wa seli, na uabaini, kwa kuwa huzuia pampu hiyo, ikawa chombo muhimu cha kuichunguzia. Skou alishiriki Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1997. Sumu ya mishale ya Afrika Mashariki ilisaidia kufumbua siri ya jinsi moyo na mishipa ya fahamu inavyofanya kazi.

Sumu ya chaza nayo, iitwayo saksitoksini, huziba vijia vya sodiamu katika mishipa ya fahamu, na kwa sababu hiyo imewafaa sana watafiti. Wakati huohuo imo katika orodha kali kabisa ya Mkataba wa Silaha za Kemikali wa 1993: huruhusiwa kwa kiasi kidogo, kwa utafiti na tiba, na kwa kuandikishwa. Kanuni hiyo haikuizuia elimu, bali iliiwekea mlango wenye mlinzi na daftari.

Kazi ya mwalimu

Mafundisho haya hayahitaji vyombo vya gharama. Kasi ya sauti yaweza kupimwa kwa kupiga vibao viwili mbele ya ukuta mrefu ulio mbali mita 80 au 100 na kuhesabu mwangwi. Saa ya kengele ikitiwa ndani ya sanduku lililojazwa sufi, kisha nguo, kisha mchanga, wanafunzi watapima kwa hatua umbali ambao mlio wake hausikiki tena, nao watagundua wenyewe kwamba hakuna sanduku linaloiondoa sauti yote. Hesabu ya nishati ya risasi na ya mshale yafaa kuwa zoezi la kidato cha tatu.

Baada ya vipimo hivyo, somo lisiishie hapo. Wanafunzi waulizwe maswali manne ya kujadili: Nani aliyeagiza kazi hii? Nani mwingine anayeijua? Itakoma lini? Na kumbukumbu zake zitahifadhiwa na nani? Mwanafunzi aliyezoea kuyauliza maswali hayo akiwa na miaka kumi na saba hatashindwa kuyauliza atakapokuwa mkemia au mhandisi mwenye kibali cha siri mkononi. Nchi zetu nazo zina maabara zake, na zitazidi kuwa nazo. Baadhi ya kazi zake zitahitaji faragha kwa haki. Faragha yenye kikomo na mkaguzi ni jambo moja, na kimya kisicho na mwisho ni jambo jingine.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wabunifu wa Welrod na bastola ya OSS walipunguza mshindo kwa desibeli kadhaa tu, lakini mshindo wa kile kilichofichwa ulisikika Kongo na Washington miaka mingi baadaye. Mwanafizikia anajua kwamba nishati haipotei, hubadili umbo. Na ajue pia kwamba wajibu nao haupotei kwa kufungiwa ndani ya maabara.